Kigoda cha Kukunja na Mkono wa Mwenyewe

Kigoda cha kukunja cha miguu mitatu ni kitu chepesi: fito tatu zilizoshikana katikati kwa bolti, na juu yake turubai lenye pembe tatu. Hubebwa kwapani, na penye ardhi ya mabonde hakichezi kama kile cha miguu minne.

Hata hivyo kina hila yake. Turubai huchakaa pembeni, pale vichwa vya fito vinapoingia, na siku likichanika aliyeketi huanguka chali, pengine ni bibi mzee anayengojea zamu yake zahanatini. Basi, ndugu msomaji, usingoje siku hiyo. Kata ngozi ya kiatu kikuukuu, uitie ndani ya kila pembe, kisha ushone mara mbili kwa uzi wa nailoni wa wavuvi. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu.

Miguu huzama matopeni. Ipigilie vipande vya tairi kuukuu vilivyo vipana kuliko fito, ukitoboa kwanza ili mti usipasuke. Nati ikilegea kila mara, ongeza ya pili juu yake. Lakini ufito uliokwisha kupasuka penye tundu la bolti usiupake gundi, chonga mwingine.