Maono Yakikawia

 

Neno letu latoka katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 6, aya ya 12. Mwandishi anatuonya tusilegee, kisha anatuelekeza kwa watu waliozipokea ahadi za Mungu. Watu hao walikuwa na mambo mawili: imani na uvumilivu. Angalieni kwamba yametajwa pamoja. Imani bila uvumilivu ni kama moto wa mabua. Huwaka kwa kishindo, na punde si punde ni majivu. Na uvumilivu bila imani ni kukata tamaa tu. Mtu amenyamaza, lakini hangojei kitu.

Sisi tunaokaa Awendo twaijua habari ya kungoja. Mkulima akipanda miwa leo, hutazamia kuikata baada ya mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Jirani yake aliyepanda mahindi atavuna, atakula, na atapanda tena, na miwa bado imesimama. Lakini mkulima hafukui miche kila juma ili aone kama imeshika mizizi. Anapalilia, anazibua mitaro, anafukuza ng'ombe. Kungoja kwake ni kazi.

Basi, maono ni nini? Si kila tamaa ya moyo ni maono kutoka kwa Mungu. Maono ya kweli hupatana na Neno lake, huwafaa watu wengine, na humgharimu yule aliyepewa. Ibrahimu alikuwa na umri wa miaka 75 alipotoka Harani. Isaka alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100. Ni miaka 25 ya kungoja! Na katikati ya miaka hiyo alijaribu kumsaidia Mungu kwa njia ya mkato, na nyumba yake ikajaa machozi. Tena aliahidiwa nchi nzima, lakini kipande cha kwanza alichomiliki katika nchi ile kilikuwa shamba la Makpela, alilolinunua ili amzike Sara mkewe.

Habari hiyo yatukumbusha mtu aliyefika katika pwani yetu wenyewe. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huohuo mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa pia. Kama Ibrahimu, Krapf naye alipata kaburi kabla ya kupata kitu kingine. Lakini aliwaandikia rafiki zake Ulaya kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza. Maono yake yalikuwa makubwa: vituo vya Injili vifuatane kama pete za mnyororo, kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika.

Je, aliyaona? Mwaka 1846 aliungana naye Johannes Rebmann, wakajenga Rabai. Miaka ilipita, na walioamini walihesabika kwa vidole. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Mwaka 1853 Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya afya yake. Rebmann alibaki Rabai mpaka 1875, macho yake yakawa karibu kupofuka kabisa. Krapf alifariki mwaka 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Mnyororo ule haukuwako bado.

Lakini hebu tuangalie jinsi Mungu alivyofanya. Kwetu Nyanza, Injili kwa mkono wa Kanisa la Anglikana haikuja kwa njia aliyoichora Krapf. Wamisionari walifika Buganda mwaka 1877, wakipitia Zanzibar na kusini mwa ziwa. Askofu James Hannington alijaribu njia fupi ya kupitia nchi yetu, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Kisha mwaka 1906, J. J. Willis alianzisha kituo cha Maseno, naye alitokea upande wa Uganda. Mpaka mwaka 1921 makanisa yetu ya Nyanza yalikuwa chini ya Askofu wa Uganda, ndipo yakaunganishwa na Mombasa. Krapf aliutazamia mnyororo utoke mashariki. Kumbe Mungu aliifua pete yetu kutoka magharibi! Na mwaka 1970, Jimbo la Kenya lilipopata Askofu Mkuu wake wa kwanza, alikuwa Festo Olang', mtoto wa shule ya Maseno. Ilikuwa imepita miaka 126 tangu kaburi lile la Mombasa.

Ndugu zetu, hapa tunapata mafundisho matatu. La kwanza, tutofautishe maono na mpango. Maono ni ya Mungu; mpango ni ramani yetu sisi, na ramani yaweza kubadilika. Wengi wetu tumevunjika moyo kwa kuwa Mungu aliikataa ramani, tukadhani amelikataa na neno lake.

La pili, tufanye kazi tunapongoja. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili wiki chache tu kabla ya msiba wake, na baada ya msiba aliendelea na lugha. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, yeye amekwisha kufa.

La tatu, nalo ni gumu, tukubali kwamba huenda tusile matunda. Liko kanisa ambalo kuta zake zimefika kwenye linta, na wazee waliochimba msingi wamekwisha zikwa. Yuko mama aliyemwombea mwanawe miaka 20, na mwana bado yuko kwenye pombe. Hatuwezi kumwahidi mama huyo kwamba ataona jibu kabla ya kufumba macho. Ila twaweza kumwambia kwamba sala yake haizikwi pamoja naye. Mwombaji anakufa; anayesikia maombi hafi.

Watu husema subira yavuta heri. Mkristo ana sababu zaidi ya kusema hivyo, kwa maana anamjua anayeileta heri hiyo. Basi juma hili, kila mmoja wetu akumbuke kazi ile aliyokabidhiwa na Mungu akaiacha njiani. Asiianze kwa makuu. Apalilie mstari mmoja tu.

Tuombe. Ee Bwana, Mungu wa Ibrahimu, utupe imani ya kuanza na uvumilivu wa kuendelea. Mipango yetu ikivunjika, usituache tukavunjika nayo. Na yale tusiyoyaona sisi, wayaone watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.