Salfa, Vumbi na Kompyuta ya Nyumbani

Kuanzia Juni, mikorosho inapochanua, alfajiri za Nachingwea na Ruangwa huwa na ukungu wa njano. Ni salfa. Wakulima huipuliza kwa bomba la injini wakati umande ungali majanini na upepo haujaanza, ili ubwiriunga usije ukaunguza maua. Kituo cha utafiti cha Naliendele kule Mtwara kimeushughulikia ugonjwa huo kwa miongo kadhaa, na mkulima wa huku hahitaji kufundishwa faida ya salfa. Linalosemwa kwa nadra ni kwamba unga huohuo ukiingia ndani ya nyumba hauchagui pa kutua. Salfa hushambulia fedha na shaba, na kompyuta ina vyote viwili.

Kila mwenye bangili ya fedha anajua inavyoingia weusi. Ndani ya kompyuta hutokea hayohayo, ila huko weusi una gharama. Salfa ikiungana na fedha au shaba hufanya utando mweusi usiopitisha umeme vizuri, na unyevu wa hewa huharakisha kazi hiyo. Baadhi ya vipande vidogo kabisa vya mazabodi vina fedha ndani yake. Ikiliwa yote, njia ya umeme hukatika na mashine inakufa bila fundi kuona palipoungua. Viwanda vya karatasi, ambavyo hutoa gesi zenye salfa, huchuja hewa ya vyumba vyao vya kompyuta kwa sababu hiyo. Sisi machujio hatuna. Tunachoweza ni kufunga dirisha alfajiri za kupulizia na kuifunika mashine kwa khanga ikiwa imezimwa. Nasisitiza, ikiwa imezimwa, maana ukiifunika inafanya kazi umeiziba pumzi.

Hata hivyo salfa isisingiziwe kila kitu. Vumbi letu jekundu hufanya madhara makubwa zaidi, tena mwaka mzima. Fungua ubavu wa kompyuta ya mezani iliyokaa miaka mitatu katika steshenari ya jirani na stendi, mlango wazi kutwa na bodaboda zikipita mbele. Feni imevaa manyoya ya kijivu. Chini yake kuna kipozeo cha alumini chenye mbavu nyembamba, na katikati ya mbavu hizo vumbi limeshikana na nyuzi za nguo na unga wa karatasi hadi limekuwa kitambaa. Unaweza kulinyanyua kwa ncha ya vidole likatoka kipande kizima. Hewa haipiti. Ukikitoa kipozeo chenyewe, pesti iliyopakwa kiwandani kati yake na prosesa imekauka, inamenyeka kama rangi ya ukuta.

Prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha joto cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na ikishindikana mashine hujizima. Mwenye kompyuta haoni joto, anaona kompyuta nzito, na hapo ndipo pesa hupotea. Atashauriwa apige Windows upya, aondoe virusi, anunue programu ya kusafisha. Mashine itarudi nyumbani na mbavu zake zilezile zilizoziba.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, angalia ni wakati gani inachelewa. Kompyuta inayowaka vizuri kisha ikalegea baada ya nusu saa, feni ikilia, ina tatizo la joto. Inayochelewa tangu unapoiwasha, hata asubuhi ya baridi, ina tatizo jingine.

Dawa ya joto ni rahisi. Zima, chomoa waya ukutani, toa betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa vya ndani, umeme wa mwilini usije ukaingia kwenye saketi. Brashi laini ya rangi, mpya, inatosha kwa kazi nyingi; bloa ya umeme ni bora zaidi. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapoipuliza, la sivyo beringi zake zitaumia. Nakuomba usiipeleke kwa fundi wa pancha akaipulize kwa kompresa. Hewa ile hutoka na matone ya maji na mafuta, na nguvu yake inaweza kung'oa vipande. Ukimaliza, futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisicho na manyoya, acha pakauke, kisha weka tone jipya lenye ukubwa wa punje ya mbaazi kavu. Pesti ikizidi inachafua tu.

Sasa ile inayochelewa tangu mwanzo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka. Tazama safu ya diski. Ikisoma asilimia 100 huku data inayopita ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde, mgonjwa umemjua: ni diski ya zamani ya kuzunguka. Nyingi za kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila Windows inapotaka faili dogo, kichwa cha kusomea lazima kihame hadi mstari wake na kungoja sahani izunguke ikifikie. Safari hiyo huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, pengine zaidi. Ni kufumba na kufumbua, lakini Windows ikiwaka huomba vipande vidogo kwa maelfu, na diski haiwezi kuvileta ila mia moja hivi kwa sekunde. SSD haina sahani wala kichwa. Ni chipu tupu, na hata ya bei ya chini hujibu maombi maelfu mengi katika sekunde hiyohiyo.

Hakuna fedha itakayotumika vizuri zaidi kwenye kompyuta ya zamani kuliko hii. Prosesa ya mwaka 2012 yenye SSD inavumilika kwa barua, hesabu na maombi ya mikopo ya wanafunzi; prosesa mpya yenye diski ya kuzunguka inachosha. Kazi yenyewe ni parafujo chache na waya wa SATA, na kwenye kompyuta mpakato za miaka hiyo diski zote mbili zina umbo moja la inchi 2.5, hivyo hii hukaa mahali pa ile. Ila kuwa macho na bei za ajabu. Flashi na diski zinazodai ukubwa wa kutisha kwa bei ya soda mara nyingi ni kadi ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Inapokea mafaili yako, halafu inayapoteza.

RAM inafuata. Gigabaiti 4 hujaa kwa kivinjari chenye kurasa kumi, na ikijaa Windows huhamishia mzigo kwenye diski, ndiyo maana wenye diski za kuzunguka huteseka mara mbili. Ongeza hadi 8 ukiweza, ukihakikisha ni aina ileile, kwa kuwa DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4. Ukiitoa RAM, chungulia meno yake. Yakiwa na madoa meusi, yapanguse taratibu kwa kifutio laini cheupe. Ukikaza mkono utaondoa dhahabu iliyopakwa juu.

Kuna kasoro moja ndogo inayowapotezea watu siku nzima. Kompyuta inawaka, mtandao upo, lakini kila tovuti inasema muunganisho si salama. Tazama saa pembeni. Ikisoma mwaka wa zamani, kibetri cha CR2032 kimekwisha. Ni cha mviringo, volti 3, kipenyo milimita 20 na unene milimita 3.2, na mafundi saa wanacho. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe za kuanza na kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2010 inaviona vyote batili.

Betri kubwa ya kompyuta mpakato nayo ina habari ya hapa kwetu. Upande wake hasi umetengenezwa kwa grafaiti, yaani madini ya kinywe, yale ambayo Ruangwa imejaliwa na ambayo mradi wa Lindi Jumbo umejengwa kuyachimba. Mwenye betri ya namna hiyo aogope joto. Kuiacha kwenye chaji ikiwa imejaa, juu ya godoro, mchana wa Novemba, ni kuizeesha. Ikianza kuvimba na kuinua kibodi, acha kuichaji siku hiyohiyo, usiitoboe wala usiikandamize.

Nachingwea ina historia yake ya mashine za mtumba. Mpango wa Karanga wa Waingereza, uliofika hadi hapa na kuachwa mwaka 1951, ulitegemea kwa sehemu matrekta yaliyonunuliwa kutoka masalia ya jeshi huko Ufilipino, na mengi yalikufa mapema kwa kukosa vipuri na mafundi. Kompyuta nyingi za nyumbani kwetu nazo zimetumika Ulaya au Dubai kabla ya kufika. Tofauti ni kwamba vipuri vyake vipo, na matengenezo yake mengi yanahitaji bisibisi moja.

Programu zinazojitangaza kuongeza kasi mara tatu usizipotezee bando. Zima tu zinazojiwasha zenyewe na mashine, ndani ya Task Manager ileile, na usichomeke flashi ya steshenari bila kuikagua.

Limebaki suala la tarehe. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni zake haikubali prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kuiwekea Linux Mint, ambayo ni bure na huenda vizuri na gigabaiti 4. Lolote utakaloamua, nakili kwanza picha, vyeti na nyaraka zako kwenye diski ya nje, kisha ndipo ushike bisibisi.