Je, Wajua? Istilahi za Fasihi Zilizotokana na Watu

Malapropizimu, istilahi inayowasumbua wanafunzi wengi wa Kiingereza, imetokana na mwanamke ambaye hakuwahi kuishi. Bi Malaprop ni mhusika katika *The Rivals*, tamthilia ya Richard Brinsley Sheridan iliyoonyeshwa London mwaka 1775. Hupenda maneno makubwa, lakini huyakosea kwa yanayofanana nayo kwa sauti. Ni sawa na mtu kusema kwa kujiamini kwamba mjamzito kalazwa wodi ya wazee, akikusudia ya wazazi.

Usiku wa kwanza tamthilia hiyo ilizomewa. Sheridan, kijana wa miaka 23, aliiandika upya, ikarudi jukwaani siku 11 baadaye na kupendwa.

Shakespeare alikuwa ameshautumia mchezo huo takriban miaka 175 kabla. Dogberry, mkuu wa walinzi wa usiku katika *Much Ado About Nothing*, huboronga maneno vilevile.

Spunerizimu ina mtu halisi: William Archibald Spooner, mwalimu wa Oxford aliyefariki 1930. Hapa sauti za mwanzo hubadilishana nafasi, kama “kula pilau” kugeuka “pula kilau”. Mingi ya mifano anayosingiziwa ilitungwa na wanafunzi, na pengine ndiyo inayochekesha zaidi.

Naye Edmund Clerihew Bentley alibuni klerihyu akiwa bado shuleni: shairi la mzaha la mistari minne kuhusu mtu maarufu. Jina lake hukaa mwishoni mwa mstari wa kwanza, na mistari huachwa ipishane urefu makusudi.