Wastani usiodanganywa na namba moja

Chukua vipimo kumi vya joto la Dar es Salaam, kwa nyuzi za Selsiasi: 29, 30, 31, 30, 32, 29, 31, 30, 28 na 300. Hicho cha mwisho ni 30.0 kilichoandikwa bila nukta. Iagize Excel itafute wastani kwa AVERAGE, nayo itajibu 57. Jiji limeipiku Death Valley ya Marekani, inayoshikilia rekodi rasmi ya dunia iliyopimwa 1913: nyuzi 56.7.

AVERAGE hujumlisha vyote kisha hugawanya, kwa hiyo namba moja iliyojitenga hulivuta jibu zima. MEDIAN haivutwi hivyo: hupanga namba kwa ukubwa na kuchukua thamani ya katikati. Hapa ni 30, na ingebaki 30 hata kosa lingekuwa 3,000.

TRIMMEAN hukata ncha zote mbili. =TRIMMEAN(A1:A10,0.2) huondoa asilimia 20 ya vipimo, yaani 28 na 300, na jibu ni 30.25. Ila 28 haikuwa na kosa lolote. Tena ukiandika 0.1, cha kukatwa ni kipimo kimoja, ambacho hakigawiki kwa ncha mbili. Programu haikati kitu, na 57 inarudi bila onyo.

Ukiijua hali ya hewa ya pwani, weka mipaka mwenyewe: =AVERAGEIFS(A1:A10,A1:A10,">=15",A1:A10,"<=45"). Inaondoka 300 peke yake, jibu ni 30.

Lakini si kila kilichojitenga ni kosa. Mwaka 1985 wanasayansi Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua mno. Setilaiti ya Nimbus 7 ilikuwa imeona upungufu huohuo, ila programu ya kuchakata data iliziwekea alama ya shaka namba hizo kwa kuwa ndogo kupita kiasi. Kwa bahati hazikufutwa. Wanasayansi wa NASA walizirudia, wakaona ukubwa wa tundu la ozoni.

Kwa hiyo acha safu ya vipimo asilia kama ilivyo, fanyia hesabu kwenye nakala, na kando ya kila namba uliyoitoa andika sababu. Ukikosa sababu, irudishe.