Dhoruba, Tufani na Kimbunga: Tatizo la Istilahi za Pepo Kali katika Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza aina kuu za dhoruba kali duniani na majina yake, na kuonyesha kwamba ukosefu wa istilahi bayana za dhoruba katika Kiswahili si kasoro ya kamusi peke yake. Mnamo Novemba 2013 dhoruba iliyopewa jina la Haiyan iliipiga Ufilipino, na watu zaidi ya 6,000 wakapoteza maisha. Wakazi wa mji wa Tacloban walikuwa wameonywa kabla. Hata hivyo, hatari ya bahari kuinuliwa na upepo ilitajwa kwa istilahi ya Kiingereza ambayo wengi hawakuifahamu. Baadaye baadhi ya walionusurika walieleza kwamba lau wangaliambiwa yatakuja maji mfano wa tsunami, wangalikimbia. Onyo lilitolewa, lakini neno lililolibeba halikufika.

2. Dhoruba moja, majina mengi

Dhoruba kubwa za bahari za tropiki ni za namna moja kimaumbile. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto la kiasi cha nyuzi 26 au zaidi, hupata nguvu kutokana na mvuke unaopanda na kugeuka maji, na huzunguka jicho lililo shwari. Katika kizio cha kusini mzunguko huo hufuata mwendo wa akrabu za saa. Katika kizio cha kaskazini huenda kinyume chake. Upepo ukifika kiasi cha kilomita 119 kwa saa, dhoruba hiyo hupewa jina kulingana na bahari ilipo. Katika Atlantiki Waingereza huiita *hurricane*, neno lililotoka kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi kupitia Kihispania. Katika Pasifiki ya kaskazini-magharibi huitwa *typhoon*. Katika Bahari ya Hindi huitwa *cyclone*, neno lililobuniwa na Henry Piddington huko Calcutta mwaka 1848 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mviringo. Majina hayo matatu, basi, hutofautisha mahali, wala hayatofautishi kitu.

Kinyume chake ni *tornado*. Huu ni mnara mwembamba wa upepo unaoning'inia kutoka katika wingu la radi hadi ardhini. Upana wake aghalabu ni wa mita chache au mamia ya mita, na maisha yake ni ya dakika, ilhali dhoruba ya tropiki huenea mamia ya kilomita na kudumu siku nyingi. Lakini upepo wake waweza kupita kilomita 400 kwa saa. Hutokea zaidi katika nyanda za kati za Marekani, ambako hewa ya joto na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu ya magharibi na baridi ya kaskazini. Bangladesh nayo huathirika sana.

Aina ya tatu ni dhoruba za nchi za baridi, ambazo hazitegemei joto la bahari bali mgongano wa hewa ya joto na ya baridi. Oktoba 1987 mtangazaji wa hali ya hewa nchini Uingereza aliwatoa watazamaji wasiwasi kwamba hapakuwa na *hurricane* inayokuja. Usiku huo upepo uling'oa miti ipatayo milioni 15. Kwa ufafanuzi wa kitaalamu ile haikuwa *hurricane*. Kwa mwananchi aliyeezuliwa paa, tofauti hiyo haikuwa na maana.

3. Hali ya Kiswahili

Msamiati wa Kiswahili kuhusu pepo za msimu ni tajiri: kaskazi, kusi, matlai, umande. Utajiri huo unatokana na maisha ya jahazi. Dhoruba za tropiki, kwa upande mwingine, ni nadra katika pwani hii, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hautoshi kuupinda upepo ukazunguka. Pwani yote ya Kenya imo ndani ya nyuzi tano za ikweta. Kusini zaidi, kinga hiyo hupungua. Aprili 1872, katika enzi ya Sayyid Barghash, dhoruba iliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 Lindi ilipigwa. Machi 2019 Idai iliibomoa Beira, na Mei 2024 Hidaya ikaifikia pwani ya Tanzania.

Maneno yaliyopo hutumiwa kwa kuchanganywa. *Tufani* limetoka katika Kiarabu, ambamo hutaja pia gharika ya Nuhu. *Dhoruba* linahusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga. *Kimbunga* hutumiwa magazetini na redioni kwa dhoruba ya tropiki na kwa *tornado* pia, ijapokuwa ya kwanza humpa msikilizaji siku kadhaa za kuhama, na ya pili dakika chache tu za kujificha.

4. Pendekezo

Inafaa *dhoruba* liwe neno la jumla. *Kimbunga* libakie kwa dhoruba ya tropiki, kama linavyotumiwa sasa nchini Tanzania, na *tufani* litengewe dhoruba za nchi za baridi. *Kisulisuli* litumike kwa *tornado*, na *chamchela* liachiwe upepo mdogo wa vumbi uliozoeleka.

Linalobaki ndilo zito zaidi, yaani maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu. Ndiyo yaliyosababisha vifo vingi kati ya vifo visivyopungua 300,000 katika Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo, mwaka 1970. Hapa *mafuriko* hayatoshi, maana humfanya msikilizaji atazame mto. *Bamvua la kimbunga* laweza kufaa. Kila mvuvi anajua bamvua ni maji yaliyojaa kupita kawaida. Upungufu wake ni kwamba bamvua hufuata mwezi na hutazamiwa, ilhali maji haya hufuata upepo. Kwa hiyo, kabla ya kuingizwa katika kamusi, istilahi hii yafaa ipelekwe Vanga, Mafia na Lindi, wavuvi waulizwe wanaposikia maneno hayo wangefanya nini. Jibu linalotakikana ni moja: kupanda mahali pa juu.