Kisanduku kinachopima chumvi barabarani

HEBU fikiria, msomaji, kwamba uko kwenye usukani wa lori kubwa saa tisa usiku. Mbele lina bamba pana la chuma la kusukuma theluji na nyuma limebeba chumvi tele. Kioo kimefunikwa, barabara haionekani, na magari yanateleza huku na huku. Unatakiwa ulipandishe bamba na kulishusha, ulielekeze kulia au kushoto, na papo hapo umwage chumvi kwa kiasi kinachofaa. Mikono miwili itatosha kweli?

Hiyo ndiyo kazi ya madereva wengi wa Kanada na kaskazini mwa Marekani kila majira ya baridi. Ikiwa una ndugu huko Minnesota, ambako Wakenya si haba, huenda anafika kazini salama kwa msaada wa kisanduku kidogo cha elektroniki kilicho kando ya usukani wa lori kama hilo.

Chumvi huyazuia maji yasigande upesi, ndiyo sababu humwagwa barabarani. Zamani dereva alitega kiasi kwa mkono, basi. Lori likienda mbio, chumvi ilitawanyika haba. Likisimama kwenye taa, naye dereva asahau kufunga, chumvi iliendelea kumiminika mpaka ikawa lundo.

Kisanduku hukomesha mchezo huo kwa kusoma mwendo wa lori. Tuseme kimeagizwa kilo 60 kwa kila kilomita. Lori likienda kilomita 20 kwa saa, kilo 20 zitatoka kila dakika. Likifika kilomita 40, zitatoka kilo 40. Likisimama, hakitoki kitu. Hufanya hivyo kwa kufungua na kufunga vali ya mafuta yanayozungusha mtambo wa ule mkanda unaobeba chumvi. Kidude kingine huhesabu mizunguko na kupeleka habari. Mkanda ukizubaa kwa sababu mafuta yamepoa, vali hufunguliwa zaidi.

Malori mengine yana pia chombo cha kupima joto la lami yenyewe, maana hewa ni jambo moja na lami ni jingine. Daraja, kwa mfano, hupigwa na baridi juu na chini, hivyo huganda mapema. Baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sufuri, chumvi ya kawaida huanza kulemewa. Kumwaga zaidi ni kupoteza tu. Dereva anapofika kwenye mlima au njia panda mbaya, kipo kitufe cha kuongeza chumvi kwa muda mfupi.

Utauliza, kwa nini chumvi ihesabiwe kama dhahabu? Kwa sababu haipotei. Theluji ikiyeyuka, chumvi huteremka hadi mitoni na maziwani, na kuitoa tena ni kazi ya gharama kubwa mno. Idara ya mazingira ya Minnesota husema kijiko kimoja cha chai cha chumvi hutosha kuchafua lita 19 hivi za maji. Samaki huumia, na magari nayo huliwa na kutu.

Lakini barabara ikiachwa bila kushughulikiwa, watu hufa, na wakubwa huanguka pia. Januari 1979 theluji iliulemea mji wa Chicago, na wakazi wakakasirishwa na jinsi mitaa ilivyokaa bila kusafishwa. Mwezi uliofuata Meya Michael Bilandic alishindwa na Jane Byrne katika uteuzi wa chama chao, na mama huyo akawa mwanamke wa kwanza kuutawala mji huo.

Usidhani hata hivyo kwamba kisanduku hujua kila kitu. Chenyewe huhesabu mizunguko ya mkanda tu. Uzito wa chumvi hakiuoni. Chumvi yenye unyevu haitoki sawa na iliyokauka, na lori moja si sawa na jingine. Kwa hivyo kabla ya theluji ya kwanza mafundi hutandika turubai nyuma ya lori, huuzungusha mtambo kwa muda maalumu, huipima kwa mizani chumvi iliyoanguka, kisha huingiza hesabu hiyo ndani ya kisanduku. Lori la pili hupimwa vivyo hivyo, na la tatu, mpaka yaishe yote.