Upepo wa Kaskazi na Upepo wa Kusi: Siku ya Kuwasha Moto na Siku ya Kushusha Mashua

Kila mwaka, mwezi wa Februari, mtu apitaye sehemu za ndani za Kilifi au Kwale ataona moshi huku na huku. Ni wakulima wanaochoma mashamba ili yawe tayari kwa masika. Miezi minne baadaye, katika Juni na Julai, watu wale wale, maana wengi wa Pwani ni wakulima na wavuvi pia, hukaa ufukoni wakitazama bahari iliyochafuka na kuulizana kama leo mtu aweza kutoka. Mambo haya mawili, moto na mashua, yote yanaamuliwa na upepo. Hapa tutaeleza upepo huo watoka wapi, na namna ya kuzisikiliza taarifa za hali ya hewa ili mtu asipoteze mali yake wala roho yake.

Kwanza yafaa kusema jambo ambalo wengi hukosea. Taarifa za hali ya hewa ni za namna mbili. Iko taarifa ya msimu, isemayo mvua ya miezi mitatu ijayo yaelekea kuwa ya namna gani. Tena iko taarifa ya siku, isemayo upepo na mvua ya leo na kesho. Ya kwanza ni ya kupangia mbegu. Ya pili ni ya kuwashia kiberiti na kutwekea tanga. Anayetumia ya kwanza mahali pa ile ya pili atapata hasara.

Nilipata kumwona mkulima mmoja aliyepata hasara hiyo. Alisikia katika redio kwamba mvua ya masika ingewahi kuanza, naye shamba lake lilikuwa bado halijachomwa. Akafanya haraka, akawasha moto saa nane mchana, upepo ukivuma. Moto uliruka mpaka wake ukaingia katika mikorosho ya jirani, ukala safu mbili nzima kabla watu hawajauzima kwa matawi mabichi. Mvua ilianza kweli, kama redio ilivyosema. Lakini redio haikumwambia awashe moto siku ile, wala hakuuliza upepo wa siku ile ungekuwaje. Mkorosho huchukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa, na jirani yule alikuwa ameingoja yake kwa miaka mingi kuliko hiyo.

Sasa tuutazame upepo wenyewe. Tangu Desemba hivi mpaka Machi, jua huwa upande wa kusini, na hewa hutoka Bara Arabu na Pembe ya Afrika kuja kwetu. Hii ndiyo kaskazi, iliyowaleta mabaharia wa Arabuni katika bandari ya kale ya Mombasa kwa mamia ya miaka. Kwa kuwa hutoka nchi kavu na kufuata pwani, haibebi maji mengi. Hukausha nyasi, hukausha makuti ya paa, hukausha hata majani yaliyoanguka chini ya miembe mpaka yakawa kama karatasi. Halafu jua likirudi kaskazi, kati ya Machi na Mei, mkanda wa mvua hulifuata na kupita juu yetu, na hayo ndiyo masika. Kwa hiyo wakati ambao mkulima huchoma shamba ni wakati ule ule ambao nchi ni kavu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Bara nako ni hivyo hivyo: Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyika za juu za Mlima Kenya, mahali ambapo watu hudhani ni baridi na umande siku zote.

Katika siku moja pia upepo una saa zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na alfajiri upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini. Wazee wa pwani huuita umande, na wavuvi huutumia kutokea. Jua likipanda, nchi hupata joto, na upepo hugeuka kutoka baharini. Saa nane na saa tisa mchana ndipo huwa na nguvu zaidi, na hewa ndipo huwa kavu zaidi. Ikumbukwe pia kwamba upepo ukiongezeka mbio mara mbili, nguvu yake ya kusukuma haiongezeki mara mbili tu, bali mara nne. Ndiyo maana moto uliokuwa mpole asubuhi hauzuiliki mchana.

Bwana Shamba na Bibi Shamba watakuambia kwamba ni afadhali kutochoma kabisa. Takataka zilizolazwa juu ya ardhi huzuia jua lisinyonye maji, kisha huoza na kuwa mbolea. Shauri hili ni zuri, nami nalikubali, ingawa najua wako watu wenye vichaka vya miiba na nyoka ambao hawatalifuata mwaka huu. Basi anayechoma na achome hivi. Akusanye takataka katika marundo madogo, mbali na miti na nyumba za makuti. Azunguke mahali pote kwa njia iliyolimwa mpaka udongo mtupu, upana wa hatua tano au sita za mtu mzima, na zaidi kama nyasi za nje ni ndefu. Awaambie majirani na mzee wa mtaa tangu jana yake. Asikilize taarifa ya siku, na ikitaja upepo mkali aache. Awashe saa moja asubuhi, rundo moja moja, akianzia upande ule upepo unakoelekea, ili moto urudi nyuma polepole ukipingana na upepo wala usikimbie nao. Saa tatu moto uwe umekwisha. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, asiende nyumbani. Kisiki cha mti huweza kushika moto ndani kwa siku kadhaa bila kutoa moshi wa kuonekana, kisha upepo wa mchana ukauamsha. Kimwagiwe maji, kifunikwe udongo, kikaguliwe tena jioni na kesho yake.

Tuje kwenye taarifa ya msimu. Hiyo hutoka kwa Idara ya Hali ya Hewa, ambayo makao yake ni Dagoretti Corner, Nairobi, nayo ina maofisa katika kaunti. Kabla ya hapo wataalamu wa nchi 11 za upande huu wa Afrika, tangu Sudan mpaka Tanzania, hukutana mara tatu kwa mwaka na kutoa tazamio la eneo zima. Mikutano hiyo ilianza 1998. Hutazama hasa joto la maji ya Bahari ya Hindi na la Bahari ya Pasifiki. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia yakapoa, mvua ya vuli kwetu huelekea kuwa nyingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019, mafuriko yakaja. Kisha tangu vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022 nchi nyingi kavu za Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Tazamio hilo husemwa kwa hesabu ya mia. Wataalamu hugawanya miaka iliyopita katika mafungu matatu sawa: miaka ya mvua nyingi, ya mvua ya kawaida, na ya mvua chache. Kama mtu hajui lolote, kila fungu lina 33 katika mia. Basi ukisikia kwamba mvua nyingi imepewa 45, ya kawaida 35, na chache 20, usiseme, “Wametuahidi mvua.” Maana yake ni kwamba katika miaka 100 kama huu, 20 ingekuwa ya mvua chache. Panda mahindi, lakini usiache kutia mihogo na kunde kando. Na katika hesabu yote hiyo hakuna neno hata moja juu ya upepo wa Jumanne mchana.

Masika yakiisha kushika, upepo wa kusi huwa umekwisha kuja. Huu huvuka bahari yenye joto, hubeba unyevu, na kwa hiyo moto hupungua. Lakini taabu huhamia majini. Kusi huwa na nguvu kuliko kaskazi, hasa Juni mpaka Agosti. Tahadhari itolewayo na Idara mara nyingi husema hivi: upepo wa kupita noti 25, na mawimbi ya kupita mita 2. Noti ni maili moja ya bahari kwa saa. Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Wimbi la mita 2 humzidi mtu urefu, nalo si la mtumbwi wala la ngalawa. Jahazi kubwa lenyewe hungoja.

Mahali pa hatari zaidi si kilindini, ni mlangoni mwa mwamba na midomo ya hori kama Kilifi na Mtwapa. Maji yanapokupwa hutoka kwa nguvu, na mawimbi ya kusi huja yakiyapinga. Hapo mawimbi husimama wima na kuvunjika. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na mkondo wa mlangoni huwa mkali zaidi. Anayerudi na angoje maji yaanze kujaa. Kusi kali ikikutana na bamvua, bahari hupanda ufukoni, hula mchanga, na mahali penye nyumba za chini huingia uani. Palipo na mikoko mawimbi hufika yamechoka. Palipokatwa mikoko hufika na nguvu zake zote.

Juu ya vimbunga, pwani yetu ina bahati. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kijipinde, na karibu na mstari wa ikweta mzunguko huo hauna nguvu ya kutosha. Mombasa iko digrii 4 tu kusini. Lakini majirani zetu si mbali: kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952, na Mei 2024 kile kilichoitwa Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Kiini chake hakikufika Kenya, ila watu walikatazwa kuogelea na kuvua kwa siku chache. Huenda mvuvi aliyekaa bure siku hizo aliona amepotezewa kazi. Mawimbi ya kimbunga husafiri mbali kuliko upepo wake, nayo huweza kukuta mtu katika bahari yenye jua zuri.

Jambo la mwisho ni la wenye mashua. Wakati wa kusi mkondo mkubwa wa pwani huenda kaskazi kwa mbio. Chombo kilichovunjika mlingoti mbele ya Malindi hakitakaa pale kikingoja. Kitachukuliwa kuelekea Lamu na Somalia. Kwa hiyo kabla ya kutoka, mwambie mtu wa bandarini unakwenda kuvua wapi na utarudi saa ngapi, ili wakikutafuta waanze kukutafuta upande wa kaskazi.